Shule Isiyoita Mzazi

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao Kawempe, Helen alikuwa na kompyuta mapajani akichagua shule za biashara za kuomba. Mama yake, Aciro, koplo mstaafu wa polisi, alikuwa akichambua karanga kwenye ungo. Zilikuwa zimebaki shule tatu.

"Hii ya Nailobi iko mbari," mama alisema. "Hii ya hapa Kampara we nakataa kwa nini?"

"Nairobi, mama. Mbali. Kampala."

Herufi R moja na L mbili zikamdondoka mama mdomoni, zikaangukia kwenye karanga. Zilikuwa ngumu, ukubwa wa changarawe. Mama alizitoa pamoja na mawe mengine, akaendelea na kazi.

Kiswahili hicho cha kambi ya polisi ndicho kilichomlea Helen, kikamwita kula na kumkanya utundu, na alikuwa amekisahihisha tangu apate akili. Lakini wiki ile alizidisha. Shule ya Kampala, iliyokuwa bora kuliko zote tatu, ilimtaka kila mwombaji aje kwenye usaili na mzazi, na mzazi aseme maneno machache. Basi alimfanyisha mama mazoezi asubuhi na jioni, na kufikia Ijumaa herufi zote mbili zilikuwa zimemwisha. Jina la Helen lilipotoka "Heen", mama aliacha kulitaja.

Jirani yao Moreen, Mkenya anayeuza mabegi soko la Kikuubo, alikuja kuazima kinu akaziona herufi sakafuni.

"Hata za mama yangu zilianguka nikiwa sekondari," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Zifagie tu, mtu asije akakanyaga."

Helen alizifagia. Alimwonea mama aibu, kisha akajionea aibu mwenyewe, na hiyo ya pili ilimuuma zaidi. Hata hivyo shule ya Kampala akaifuta.

"Toto yangu, naamua wapi?" mama aliuliza.

"Nairobi na Kigali. Ya hapa imejaa."

"Haya," mama alisema.

Mwalimu wa shule ya Nairobi, Bwana Odero, alikuja kuwasaili waombaji katika hoteli moja mjini. Helen alifika mapema, nadhifu, lakini vyeti vyake alikuwa amevisahau nyumbani. Mama alivaa viatu vya gwaride, akapanda bodaboda, akamletea vyeti. Aliingia, akapiga saluti kwa mazoea, akaweka bahasha mezani.

"Karibu sana! Huyu ndiye mama yako?" Bwana Odero alimuuliza Helen.

Helen aliona mdomo wa mama unaanza kufunguka.

"Hapana," akawahi kusema. "Ni jirani yetu."

Mama alimtazama kidogo, kisha akamgeukia mwalimu.

"Ndiyo," alisema. "Mimi iko jiani."

Bwana Odero alisimama, akampa mkono, akamshukuru kwa ujirani mwema.