Viatu vya Mama Sampuli

Kwenye duka la viatu alikouza walimwita Mama Sampuli, na jina lilimkaa. Viatu vya sampuli, vya kuwekwa dirishani, huletwa vya namba moja tu, thelathini na saba, maana kiatu kidogo kinapendeza macho. Vikififia kwa jua, wauzaji wanagawiwa. Wenzake waliwapelekea wadogo zao. Yeye, mwenye mguu wa thelathini na tisa, alijisukuma humo miaka nenda miaka rudi. Vya bure, jamani! Mtu anapima miguu ya watu kutwa, wake hajawahi kuupima. Makubwa hayo.

Sasa ubavuni mwa kidole gumba cha mguu palikuwa na nundu nyekundu, inauma hata ikiguswa na shuka. Alilala na soksi ili mtu asiione.

"Hii si nyama iliyoota," daktari alimwambia asubuhi alipokwenda kumwona, akiibonyeza taratibu. "Kiungo kimehama. Kidole kimevilalia vingine, mfupa umetokeza nje. Dawa ya kupaka haitaunyoosha."

"Basi nipasuliwe?"

"Kwanza viatu vipana, barafu mguu ukivimba, na kipande laini katikati ya vidole. Maumivu yakigoma kabisa kuisha, ndipo tuzungumze upasuaji. Una binti? Umbo la mguu hurithiwa. Viatu vya kubana vinamalizia kazi."

Alitoka pale moja kwa moja hadi nyumbani. Jumatatu binti yake alikuwa anaanza kazi ya mapokezi, kazi ya kusimama kutwa, na viatu vyote vya dirishani alivyoviweka chini ya kitanda alishamwahidi yeye.

Alimkuta keshavaa vile vyeusi vilivyochongoka, anajipitisha mbele ya kioo.

"Vua, mwanangu."

"Mama! Vinanibana kidogo tu. Vitalegea."

Maneno yake mwenyewe hayo, aliyowaambia wateja maisha yake yote. Yalimchoma.

"Havilegei. Mguu ndio unaokubali yaishe."

"Mbona wewe unavaa na unadunda?"

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Angeweza kugomba, na kwa kugomba hajambo, lakini binti angevivaa Jumatatu akishafika kona ya barabara. Akaketi kitandani, akavua kiatu, akavuta soksi.

Binti alisogea karibu. Tangu apate akili hajauona mguu ule mtupu. Akapiga magoti, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Inauma?"

"Kila siku. Nikidunda mbele yako nimeuma meno."

Polepole binti akavua vyeusi, akaweka mguu wake kando ya ule wa mama. Upana ule ule, na kidole gumba kimeshaanza kuinama.

"Leta karatasi na penseli nikupime," mama alisema. "Jumatatu unavaa namba yako, huko kazini wanune wasinune."

"Wewe kwanza."

Mama akasimama juu ya karatasi kwa uzito wake wote. Penseli ikazunguka kisigino, ikapanda ubavuni, ikafika kwenye nundu, ikasita.

"Ipitie yote," mama alisema. "Usinipunguzie."