Mpunga wa Juu ya Meko

Wema wa akina mama wa Kariakoo haujui kunyamaza. Chama cha ngoma ya lelemama cha Mtaa wa Swahili kilipoamua kupeleka watu wakasaidie kaya zilizo mbali huko nyuma ya Kisarawe, kila mama kwa wiki moja, habari zilifika Ilala kabla hata basi halijapatikana. Zamda alikuwa wa kwanza kujitolea. Alizaliwa Kariakoo, akaolewa Kariakoo, na jembe alilijua kwa kuliona dukani. Wenzake walimtania kwamba atarudi na malengelenge ya kushika mwiko. Mwenyewe akawajibu, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alipangiwa nyumba ya Fikirini, iliyo peke yake katikati ya mashamba, jirani wa karibu haonekani hata moshi wake. Mkewe alikuwa amejifungua, bado yuko ndani hajatimiza arobaini, na mume anahangaika kufyeka shamba kabla ya masika. Zamda hakungoja siku ya tatu apewe jembe. Alichota maji, akafua nguo za mtoto, akamkanda mzazi kwa maji ya moto. Kusema haki, kazi aliifanya.

Kilichomuuma ni chakula. Asubuhi muhogo, jioni muhogo, na mzazi ananyonyesha. Siku moja akipuliza moto aliinua macho, akaona kapu limening'inia juu ya meko, limekuwa jeusi kwa moshi. Ndani mna mpunga. Kwao Kariakoo kilichomo jikoni ni cha kupikwa. Akawaonea huruma, akidhani mpunga wanao ila hawana wa kuutwanga. Akautwanga wote, akaupepeta, akakuna nazi, akapika wali.

Fikirini aliporudi kutoka shambani alisimama mlangoni kitambo, akiitazama kamba tupu ya lile kapu. Kisha akanawa, akaketi, akala. Mkewe akasema kutoka ndani kwamba wali umeiva vizuri, Mungu amzidishie aliyeupika. Zamda akalala na furaha.

Aliporudi mjini, habari za wali ule alizisimulia mpaka zikachuja. Sophia, mwenyekiti wa chama, akasema Zamda ndiye wa kuigwa. Naye bila haya akakubali kuigwa.

Masika ikaanza. Asubuhi moja Zamda alikuwa sokoni akichagua nyanya, akasogea kumpisha hamali aliyeinama chini ya gunia la vitunguu. Alikuwa Fikirini. Zamda alifurahi, akauliza habari za mzazi na mtoto, akaambiwa wazima. Akauliza tena, na mvua hii, mbona hayuko shambani? Fikirini akasema amekuja kutafuta kibarua kidogo, akataka kupita. Zamda si mtu wa kuachwa hivi hivi. Akamzuia njia, akamuuliza kama mpunga ameshapanda.

"Mbegu imetupungukia, dada."

"Imekwenda wapi?"

Fikirini alitazama chini kama yeye ndiye mwenye kosa, na hapo ndipo Zamda alipoelewa.

"Ule uliokuwa juu ya meko?"

"Tunauweka pale wadudu wasiuguse, kwa ajili ya moshi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa umeshautwanga. Umetoka mbali kuja kutusaidia, tukuaibishe kwa chakula?"

Afadhali angemtukana. Zamda alikumbuka alivyowahimiza waongeze wali, alivyojisifu mtaa mzima, akajichukia. Aliangaza huku na huku. Mchele ulijaa tele sokoni, wa kila namna, lakini mchele hauoti, na mwenye mpunga wa mbegu alikuwa ameshaufukia ardhini. Watu wale wangeingia mwaka mzima na muhogo wao, mtoto akiwa kifuani, kwa sababu yake yeye. Akasema harakaharaka kwamba atarudi kwao, na safari hii si wiki, ni mwezi. Atalima, atapalilia, atafanya lolote watakalomwambia.

Fikirini aliliweka gunia sawa begani. Kwao mgeni hafungiwi mlango, na ilionekana wazi kwamba maneno yanamtoka kwa shida.

"Mwaka huu usije, dada," alisema. "Hatutakuwa na cha kumpikia mgeni."