Mdomo Mpya wa Gesine

Sauti ilitoka kabla Gesine hajajiweka sawa. Akaishusha haraka tarumbeta yake, ile fupi ya sauti za juu kabisa, akakikodolea macho kipande chake kipya cha kupulizia.

"Mdomo mpya huo?" aliuliza Jochen, mpigaji wa tarumbeta ya pili aliyeketi kando yake. "Mnunulie na mke wangu basi, wa zamani umenichosha."

"Mkeo hana kasoro. Wewe ndiye wa kununuliwa masikio."

Alicheka, lakini mzaha haukumwondolea wasiwasi. Tangu ang'olewe jino la mbele, mdomo wa zamani wa tarumbeta ulimuuma ufizi na sauti za juu zikawa zinapasuka. Bwana Wieland, mwongoza kwaya, alishamwambia kwa upole kwamba zisipotulia, Noeli hii kiti chake atakikalia kijana kutoka Dresden. Bila kiti kile Gesine hakujua Desemba ingekuwa na maana gani. Ndipo akaenda kwa fundi Oskar, akachongewa huu, shaba mpya bado inanuka mafuta. Wiki nzima ulimtolea miluzi na mate tu. Leo ukamtii, au yeye ndiye aliyeutii.

Wakaanza mazoezi. Kanisa lilikuwa baridi, pumzi za wanakwaya zikionekana. Kuna mahali muziki unapanda ngazi ndefu, na kila mpigaji huvuta hewa kabla ya kupanda. Gesine akasahau. Katikati ya ngazi, mahali ambapo mtu akipumua anaukata wimbo, kifua chake kikajaa chenyewe. Sauti ikafika juu nzima, safi, bila mkwaruzo.

"Ajabu!" alisema Bwana Wieland. "Bi Gesine, kiti ni chako."

Jochen hakupiga makofi. "Nani kakufundisha kupumua pale?"

"Hakuna. Imetokea tu."

"Reinhold peke yake ndiye aliyepumua pale. Mpaka siku alipoanguka, hapo hapo ulipokaa."

Gesine hakuwahi kumsikia Reinhold, aliyekalia kiti kile kabla yake, akipiga. Yeye alihamia mjini baada ya mazishi ya mtu huyo.

Wakati wa mapumziko alitoka nje, akampigia fundi simu.

"Oskar, vipimo vya ndani vya mdomo huu ulivitoa wapi?"

"Kwenye mdomo mmoja wa zamani. Aliniletea mjane wa huko huko kwenu. Kwani haukufai?"

"Unanifaa."

"Basi, toi toi toi!"

"Asante," alijibu Gesine, akili haipo.

Hiyo ndiyo heri ya wapigaji ya kutakiana bahati, nayo haishukuriwi. Kila mpigaji anajua kwamba ukishukuru, umeigeuza kuwa nuksi.

"Usingejibu, dada," alisema Oskar taratibu, akakata simu.

Gesine akauchomoa mdomo mpya, akautia mfukoni, akachomeka ule wa zamani. Heri apoteze kiti akiwa yeye. Walipoanza tena ufizi ulimuuma na sauti ya kwanza ikakwaruza, naye akafurahi kwa mkwaruzo ule kwa sababu ulikuwa wake. Ngazi ikakaribia. Akafika mahali pake pa siku zote, akafungua kinywa avute hewa.

Kifua kikakataa. Kilikuwa kinangoja mbele kidogo, pale pa Reinhold.

Jochen alimtupia jicho mara moja. Kisha, bila kuacha kupiga, akakisogeza kiti chake kando kwa mguu, akaacha kati yake na Gesine nafasi ya mtu mmoja.