Barabara Iliyopiga Hodi kwa Mama

Usingizi wa jana ulinifikisha pabaya. Niliota barabara imekuja nyumbani kwetu, imesimama getini, inapiga hodi.

Haikuwa imejengwa bado. Ilikuwa ya penseli, vistari vyenye mapengo, upana wa malori mawili kupishana, na ilijikunja kwa adabu kama mkwe. Mama akaichungulia kutoka mlangoni mwa chumba chake.

"Shikamoo, mama," barabara ikasema.

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Mama yangu hajawahi kumfukuza mgeni, hata wale wanaouza dawa ya kunguni. Akaniagiza kiti. Hapo hakukosea mtu, maana mimi Baba Kabula ndiye mkodisha viti wa mtaa huu. Iwe harusi, iwe msiba, ukiona watu wamekaa, ujue wamekalia mali yangu. Nikaleta kimoja cheupe cha plastiki. Barabara ikakaa, ikapewa kikombe cha uji, ikaeleza shida yake bila haraka. Kwenye mpango wa maendeleo wa mji wetu imechorwa ipite hapa, katikati ya chumba cha Mama. Imesubiri tangu mpango ulipopitiwa mara ya mwisho, miaka mitano iliyopita. Sasa unapitiwa tena, na safari hii isipopingwa, itapakwa wino.

Nikauliza mbona mimi sikuambiwa.

"Watu waliitwa," ikajibu, ikipuliza uji. "Wewe ulileta viti ukaondoka."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Mikutano yote nashusha viti, nasaini, naenda zangu, narudi jioni kuvibeba. Mambo ya kusemasema nimewaachia wenye midomo yao.

Mara hatupo tena uani. Tupo ukumbi wa kata, ila ukumbi umekuwa wodi, na Mpango mwenyewe kalala kitandani, kafunikwa shuka hadi kidevuni. Kila miaka mitano lazima apimwe. Ofisa mipango miji, dada mmoja mwenye koti jeupe, anampima homa kwa rula. Anatangaza kwamba mgonjwa amenenepa upande wa soko, amekonda upande wa maji, na ile zahanati bado iko tumboni.

"Nilipitishwa," Mpango anasema kwa unyonge, "ila sikutekelezwa."

Ofisa anampa pole, kisha ananigeukia mimi. Anasema mara iliyopita mtaa wetu uliwakilishwa na viti. Viliulizwa kama kuna pingamizi, vikanyamaza.

Namtazama kimoja, kile chenye mguu nilioufunga kwa waya. Hakioni hata haya.

"Bosi, hukututuma neno," kinasema. "Na tulikuwa tumekaliwa."

Leo navyo havina nafasi. Vyote vimejaa ile idadi ya watu ambayo Mpango unaitarajia miaka ijayo, imewahi kufika. Hawajazaliwa hata mmoja, lakini haki zao wanazijua, na wanalalamika kwamba feni haizunguki. Mstari wa mbele kuna binti mdogo anatafuna muwa, miguu haifiki chini.

"Shikamoo, babu."

Namwambia mimi sina mjukuu. Kabula wangu hajaolewa.

"Najua. Nasubiri."

Namuuliza, kwa kumpima tu, atakuja kukaa wapi. Anasema chumba cha bibi mkubwa, chenye dirisha la kijani, ameshakichagua. Barabara inatazama pembeni. Ofisa anachovya kalamu kwenye wino, nami nasogea mbele haraka, kwa sababu dirisha la kijani mjini kwetu ni moja tu na Mama amelala nyuma yake.

Binti anashuka, ananipisha kiti. Nakaa. Miaka yote hii sikuwahi kukalia kiti changu mkutanoni, na kumbe vinabana. Nafungua kinywa.

"Viti vimefika, nisainie hapa," nasema.

Ukumbi mzima unaandika. Najaribu tena, natoa habari za maturubai. Ndiyo maneno pekee niliyowahi kuyasema mbele ya serikali, na sasa mengine hayaji. Kalamu imeshafika kwenye kizingiti cha Mama. Niliogopa, sitaficha, niliogopa mpaka machozi yakanilenga.

"Mama yangu yumo humo," nikasema. "Na huyu mtoto atakuja. Barabara naitaka, hata mimi nina pikapu. Lakini ipite nyuma ya tanuri la matofali, kule kuko wazi."

Kalamu ikasimama. Barabara ikainuka, ikajipinda kiunoni polepole, kama mtu mwenye mgongo mbovu, ikakipita chumba cha Mama kwa mbali.

"Ungesema mapema," ikalalamika, "nisingekaa miaka mitano nimenyooka hivi. Ila maoni ya ndotoni hayaingii kwenye mpango, mzee. Uyarudie ukiwa macho."

Nikaamka. Mama alikuwa uani, ananigombeza kwamba naacha mali yangu nje. Kweli, mlangoni kwake kilikuwepo kiti kimoja cheupe, na chini yake kikombe kitupu chenye ukoko wa uji. Nikamuuliza nani amekunywa. Akasema anywe nani, moto wenyewe hajawasha.

Nikakipangusa kile kiti. Kidole kikatoka cheusi, weusi ule wa penseli. Kwenye sehemu ya kukalia palikuwa na vistari vyenye mapengo, na katikati vilikuwa vimepinda.

Mkutano wa mapitio ulikuwa asubuhi hiyohiyo, pale shuleni. Nikashusha viti vyangu vyote. Mtendaji wa mtaa akaninyooshea kalamu nisaini niende zangu, kama kawaida. Nikasaini. Kisha nikavuta kile chenye vistari, nikakiweka mstari wa mbele, nikakaa.

Diwani akataka kukalia cha jirani yangu. Nikamwambia kina mwenyewe, yuko njiani.