Theluji Itayeyuka Lini

Niseme mapema, maana kila anayesikia habari hii huanza na swali hilohilo: si mimi niliyemwambia Cyrus aende mlimani. Wiki ile sikumwambia mtu yeyote aende. Nilikuwa nimeandika kwamba theluji ni ya kawaida, kwamba chini yake kuna tabaka bovu, na kwamba anayeipenda roho yake asitoke nje ya njia zilizowekwa bendera. Cyrus aliyasoma yote hayo, akanitumia kicheko kwenye simu, akaenda.

Kazi yenyewe watu wengi hawaielewi. Mimi ni mtu wa Tanga, nasomea hali ya hewa katika chuo kikuu hapa Guangzhou, mji ambao mtu akiona mvuke unamtoka mdomoni mwezi wa kwanza hukimbilia kupiga picha. Ili nipate cha kuongezea kwenye posho ya masomo, naifanyia kazi kampuni ndogo inayowatabiria watelezaji wa theluji kule kaskazini siku nzuri za kupanda milimani. Hao watu hawataki theluji tu. Wanataka theluji ya unga, ile inayoanguka kwenye baridi kali bila upepo, kavu na nyepesi, ambayo ukiifumbata haishikani. Siku zake ni chache na huharibika upesi, kwa hiyo wengine hudanganya kazini kwamba wanaumwa ili waiwahi. Mimi ndiye ninayewaambia ni lini.

Cyrus aliniita Bi Unga. Alikuwa mtu wa Nyeri, mwenye kicheko cha kuamsha jengo zima, na pamoja na mkewe Njoki walikuwa wakinunua nguo za jumla katika soko la Zhanxi na kuzisafirisha Nairobi. Baadaye akapata urafiki na tajiri mmoja wa mtaa wa Kangle, mwenye karakana ya kushona majaketi ya theluji. Yule laoban, kama Wachina wanavyomwita tajiri mwenye mali yake, alimfundisha kuteleza kwenye ukumbi wa theluji ya kutengenezwa, kisha akamchukua hadi milima ya Altay kule kaskazini akapigwe picha na majaketi yake. Mwafrika juu ya theluji, alisema, kila mtu atasimama kumtazama. Cyrus naye alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa. Alitoka nje ya bendera ili picha ipendeze, theluji ya mlima ikameguka ikamfunika. Laoban alipona. Cyrus hakuonekana tena.

Wakenya hawana mchezo na msiba. Habari ilipofika tu, kamati ya mazishi ikaundwa na kuanza kukutana kila jioni ghorofani, juu ya mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Mimi Mtanzania niliitwa kwa sababu ya theluji. Mwenyekiti alikuwa Bwana Harun, mfanyabiashara mtu mzima wa Mombasa, na aliniweka mbele ya watu kama shahidi mahakamani.

"Mwanangu Maulida," akasema, "hao watafutaji wako huko juu na mbwa wao. Hali ya hewa itawangoja?"

"Mpaka Alhamisi, baba. Alhamisi inaanguka theluji nyingi. Ikishaanguka hawataweza kukaa kule, mlima unaweza kumeguka tena."

Njoki alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amejifunga leso ya mtu mwingine mabegani. "Na wewe hukosea?" akaniuliza.

"Mara nyingine hukosea."

"Basi kosea," akasema. "Tafadhali, Maulida. Hii moja tu, kosea."

Sijawahi kuomba nikosee. Siku zile niliomba. Niliamka na kufungua ramani kabla hata ya kunawa uso, nikitafuta dalili yoyote kwamba lile wingu litapinda lielekee kwingine, limwage huko kusiko na mtu. Halikupinda. Lilifika Alhamisi kama nilivyosema, na baridi yake, bila upepo. Watafutaji wakateremka na mbwa wao, wakuu wa kule wakatangaza kwamba kazi imesimama hadi theluji itakapoyeyuka.

Asubuhi hiyohiyo Bi Liang, mkuu wangu wa kazi, akanipigia simu. Alikuwa na furaha mpaka sauti inamkwama. Kesho, alisema, ni siku bora ya msimu mzima. Niipe nyota tano na niiandike kwa moto. Nikaandika. Ningefanya nini? Ningekataa, angeandika mwingine, na theluji ingekuwa ileile. Picha za maua na shukrani zikamiminika kwenye simu yangu kutoka kwa watu nisiowajua, mmoja akasema nimempa siku ya furaha kuliko zote maishani mwake. Niliiweka simu kifudifudi nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi tayari. Nililia palepale kwenye sinki, kwa hasira kuliko huzuni.

Shida ya kamati sasa ikawa tarehe ya mazishi. Nyeri walitaka tarehe. Mchungaji anataka tarehe, jamaa wa mbali wanataka tarehe ili waombe ruhusa, wenye mahema wanataka tarehe. Kila mkutano Bwana Harun alikuwa akifungua kwa dua na kufunga kwa kusema jambo hilo tutalirudia kesho.

Njoki hakungoja kesho. Alikuja bwenini kwangu alasiri, akaketi kitandani bila kuvua koti, akanionyesha simu yake. Nikauona utabiri wangu. Alikuwa amejiunga na kundi la simu la wale watelezaji, akawa anautafsiri kwa simu neno kwa neno.

"Juzi uliwapa nyota nne," akasema. "Leo umewapa tano. Hiyo ya leo ni kiasi gani juu yake?"

"Dada Njoki, acha kuyasoma haya."

"Nisome nini basi? Wewe peke yako ndiye unaandika habari za bwanangu, hata kama hujui unaziandika." Akaifumbata simu yake. "Hao wengine unawaambia ikija. Mimi niambie ikiondoka. Itayeyuka lini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hakuna anayelipia kujua theluji inakufa lini. Nikamwomba muda, nikakaa na ramani za miaka iliyopita. Mteremko uliomfunika umeelekea kaskazini, jua haliugusi mpaka msimu uwe umekwenda sana. Nilihesabu na kurudia, nikitumaini nimekosea mahali, na kila mara jibu likatoka lilelile.

"Katikati ya mwezi wa sita," nikamwambia aliporudi. "Ikichelewa, mwisho wake."

Aliniangalia kana kwamba nimemzaba kofi. "Sema Pasaka."

"Siyo Pasaka, dada."

"Najua siyo! Nasema useme." Ndipo akanieleza. Mama mzazi wa Cyrus alikuwa amegoma kula mpaka aambiwe siku mwanawe atakayofika nyumbani. Walimbembeleza, walimletea mchungaji, wapi. "Anaisha, Maulida. Mwambie Pasaka, ale. Hayo mengine tutajua mbele."

"Na Pasaka ikifika? Kaburi liko wazi, watu wamejaa uani, na hatuna cha kuweka ndani?"

"Wewe na hesabu zako," akasema kwa uchungu, na papo hapo akampigia mama mkwe wake. Akanisukumia simu mkononi.

Kwenye kioo alitokea bibi mwembamba, kitambaa kichwani, sweta limefungwa vifungo hadi shingoni. Nikamwamkia shikamoo, hakuijibu, kwao hawana mazoea nayo. Alinisogelea hadi nikaona jicho moja tu na nusu ya paji la uso.

"Ni wewe msichana wa theluji?" akauliza. "Cyrus aliniambia juu yako."

"Ni mimi, mama. Pole sana."

"Kijana yangu anakuja lini?"

Njoki alisimama nyuma ya simu, midomo inasema Pasaka bila sauti. Nilimwonea huruma. Lakini nilishawahi kuona watelezaji waliopewa siku ya uongo, jinsi wanavyosimama na mizigo yao wakitazama juu, wakingoja theluji isiyokuja. Sikuweza kumfanyia hivyo mwanamke huyu.

"Mwezi wa sita, mama. Katikati. Kabla ya hapo theluji haitamwachia."

Njoki akafumba macho. Bibi alirudi nyuma, akawa anahesabu kwa vidole taratibu, na mimi nikangoja akate simu.

"Ni mbali," akasema mwishowe. Halafu akauliza, "Na hiyo miezi yote atakuwa kwenye baridi?"

Nimefanya mitihani mingi ya theluji, na swali hilo halikuwamo. Jibu lake hata hivyo hufundishwa mwaka wa kwanza.

"Hapana, mama. Baridi kali iko juu, kwenye upepo. Chini ya theluji si vile. Inavyozidi kuwa nene ndivyo ile ya juu inavyoshindwa kufika. Wakulima wa kule hufurahi ikifunika ngano yao, maana isipofunikwa inaungua kwa baridi."

Yalikuwa ya kweli, na hayakumsaidia Cyrus kitu. Bibi aliyafikiria. Alikuwa mkulima maisha yake yote.

"Kama sisi tunafunika miche na nyasi," akasema.

"Ndiyo, mama. Hivyo hivyo."

Akageuka, akamwambia mtu aliyekuwa pembeni yake jambo kwa Kikuyu. Sikuelewa. Njoki alielewa, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ameitisha uji," akaninong'oneza.

Tulimngoja mpaka kikombe kikaletwa. Alikunywa polepole mbele yetu, akapumzika, akanywa tena, kisha mtu akaizima simu. Njoki akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda changu, anaangalia ramani iliyokuwa bado wazi mezani, na lile doa la buluu juu ya Altay.

"Kesho itaanguka tena?" akauliza.

"Itaanguka. Tena nyingi."

"Basi ianguke," akasema. "Imfunike." Kisha akaangusha kichwa mapajani mwangu akalia kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina, na nilimshika hivyo mpaka kukaingia giza.