Vichwa vya Waridi

"Kichwa cha mtu si chungu cha maua, Shiru!"

"Mama, hiyo inaitwa sitiari."

"Basi hebu ona anayeipenda hiyo sitiari yako!"

Tulikuwa tukigombana nje ya duka langu la pembejeo hapa Kamere, kando ya ziwa, mimi na binti yangu, mbele ya ukuta aliouchora na mbele ya kila mpita njia. Aliyeupenda ukuta huo alikuwa Dalmas, msemaji wa shamba la maua. Viatu vyake havikujua tope. Alikuwa akiupiga picha kwa simu huku akitabasamu kama mtu aliyeokota mali isiyo na mwenyewe.

Shiru alikuwa amechora safu ya wanawake waliovaa ovaroli za kijani, bega kwa bega. Mikono yao aliichora kama ilivyo, ngozi imebanduka, kucha zimeiva rangi ya tumbaku. Lakini juu ya shingo, mahali pa kichwa, kila mmoja alikuwa amechanua waridi jekundu.

"Mathe, hii ni kazi safi," Dalmas alisema. "Ofisi italipia rangi. Tutaongeza tu nembo yetu pale kwa kona, na maneno kidogo: Wanawake Wanachanua. Wageni wanaonunua maua wakija, tunawaleta hapa kwanza."

"Na hiyo mikono?"

"Hiyo tutairekebisha kidogo. Tuivalishe glavu."

Glavu! Zile ambazo hawakupewa ndani ya grinhausi, sasa wangevalishwa ukutani.

Mchoro ule Shiru aliuchora kwa ajili ya Jerotich, Mama Kibii, jirani yangu aliyekuwa akikata maua katika shamba hilo. Dawa ikishapulizwa kwenye maua, bendera nyekundu huwekwa mlangoni, na mtu haingii hadi muda wake uishe. Mwezi wa Januari, oda za Valentaini zilipobana, msimamizi aliing'oa bendera mapema akawaambia wanawake waingie wakate. Mimi nina diploma ya kilimo. Dawa kama hizo nauza, na najua lebo zake zinavyosema. Jerotich alitoka macho yakibubujika machozi, na la kushoto halikuona tena. Alipoomba matibabu aliambiwa alijisugua kwa mkono mchafu. Mwezi ulipokwisha, na kandarasi yake ikaisha.

"Ni wewe uliyesema nisichore sura," Shiru alinirukia. "Ulisema wateja wako ni watu wa shamba, nisikuletee moto dukani. Nikaficha. Sasa nimemfichia nani?"

Nilisema, tena kwa sauti hii hii. Mwenye duka hulala na hofu yake kitanda kimoja. Lakini sasa hofu yangu ilikuwa imechanua ukutani, nyekundu, na huyu kijana alitaka kuipiga nembo.

"Mama Shiru, mimi niko hapa," Jerotich alisema kutoka kwenye benchi la duka. "Mnanizungumzia kama marehemu."

Watu wakacheka. Aliinuka, akausogelea ukuta. "Haya, na mimi ni ua gani hapa? Watu wananiuliza."

"Mum, pole sana kwa yaliyotokea," Dalmas alisema. "Lakini hii si ya mtu mmoja. Ni ya akina mama wote."

"Akina mama wote wana macho mawili."

Jerotich aliweka kiganja juu ya waridi la katikati.

"Mama Kibii," Shiru alisema polepole, "nikikuchora, hakuna shamba litakalokuandika kazi tena hapa ziwani."

"Na tangu Februari ni nani ameniandika?"

Niliingia dukani, nikatoka na mkebe wa rangi nyeupe niliokuwa nimeununua wa kupaka rafu, na brashi pana.

"Mathe, tulia," Dalmas alisema. "Tuongee kama watu wazima. Ofisi hununua gambuti za wafanyakazi, unajua? Inaweza kununua kwako."

"Ofisi ikanunue kwingine. Na mimi si mathe wako. Sogea, nisikuchafulie viatu."

"Mimi niache na ua langu, Mama Shiru." Ilikuwa sauti ya Nabalayo, ambaye bado huingia shambani kila alfajiri. Alikuwa amejifunika leso hadi puani. "Nina watoto."

"Lako silishiki."

Nilichovya brashi, nikapaka waridi la katikati. Jekundu lilikataa kufa; lilichungulia kwa rangi ya kidonda. Nikapaka tena, nikapaka tena, hadi katikati ya maua yale pakabaki tundu jeupe lenye ukubwa wa kichwa.

"Piga picha," nikamwambia Dalmas. "Si ulikuwa unapiga?"

Simu yake ilikuwa imeingia mfukoni.

Jua likakausha rangi. Shiru alichagua brashi nyembamba. Jerotich alikalia kreti, akavua miwani yake myeusi.

"Geuka kidogo, mwanga ukupate," Shiru alimwambia.

"Upande gani?"

"Wowote, Mama Kibii."

Jerotich akageuza uso, upande wa kushoto ukamwelekea Shiru.

"Anza na jicho hili," alisema.

Shiru akaanza.