Mkono Usiopiga Hodi

Dada yangu, fundi cherehani, alijizaba kibao mkononi mbele ya mteja. Alikuwa anajipima kiuno kwa tepu amwonyeshe gauni litakavyokaa, ghafla akaruka: "Nani ananishika?" Mteja akacheka. Mimi sikucheka. Katika chumba kile cha kushonea tulikuwa watatu tu, na mkono uliomshika ulikuwa wake mwenyewe, wa kushoto.

Nilimpeleka hospitali, daktari akamwambia ajitekenye kwapani kwa mkono huohuo. Dada akacheka hadi machozi, mtu mzima na heshima zake, kisha uso ukamshuka.

"Mtu hawezi kujitekenya," daktari alisema. "Huku kisogoni kuna ubongo mdogo. Seli zake za neva hupewa habari kabla mkono haujafika, zikaupoza mguso. Ni kama mkono wako unapiga hodi. Zako zimeumia, mshipa wa damu uliziba. Sasa kila ukijigusa, ngozi inapokea mgeni."

Akampa mazoezi. Akiyachelewesha, alituonya, hali itabaki hivyo na mkono ule hautashika sindano tena.

Nikajipa kazi ya kumsimamia, ingawa mimi na subira hatujuani. "Gusa goti. Haya, tena! Unamwogopa nani?" Mwanzoni alishtuka kila mara. Baadaye akaanza kunikwepa, mara amechoka, mara kichwa kinamuuma.

Mchana mmoja nilimpelekea chai chumbani. Nikamkuta ameketi kitandani, amefumba macho, mkono wa kushoto unampapasa shavu polepole. Alikuwa anatabasamu. Mwili ulinisisimka.

"Dada, mazoezi umefanya?"

"Sifanyi tena."

"Na kazi je? Utakula nini?"

"Tangu shemeji yako afariki, nani amenigusa? Wewe mdogo wangu unaniletea chai, unaniletea dawa, unanigombeza. Huyu ananishika."

Alisema kweli. Nikaweka kikombe chini, nikamkumbatia kwa nguvu, nikalia bila haya. Nilimwomba arudi kwenye mazoezi, arudi kwangu. Alianza kulegea mikononi mwangu, nikahisi kichwa chake kinaniegemea.

Kisha kiganja cha kushoto kikatua kifuani mwangu, kikanisukuma.

"Usikasirike," dada alininong'oneza. "Si mimi. Anakuonea wivu."